Gia Ngumu na Klachi Mbovu: Tupime Kwanza, Tufungue Baadaye



Wengi wetu katika mashamba ya miwa na chai, na katika viwanda vilivyo mbali na makazi yetu, hatuendi tena kazini kwa miguu. Tunakwenda kwa pikipiki. Na pikipiki zenyewe si mpya. Ni zile zilizopita katika mikono ya watu watatu au wanne kabla ya kutufikia sisi. Nyingi ni za ukoo wa Honda CG125, pikipiki iliyoanza kutengenezwa mwaka 1976, pamoja na nakala zake nyingi zilizoundwa China. Ni vyombo vyenye subira. Hubeba mtu, mke, mtoto na gunia la mahindi, na hupita katika tope la masika bila kulalamika sana. Lakini zikizeeka zina maradhi moja ambayo karibu kila mwenye pikipiki anayajua: gia huwa ngumu.

Mwenzetu mmoja wa zamu ya usiku alipatwa na maradhi hayo. Gia ya kwanza iliingia kwa kishindo, na akisimama penye lango hakuipata nyutro hata akanyage mara kumi. Aliipeleka kwa fundi mjini. Fundi hakujaribu kitu. Alisema tu, "Gia zimekwisha, mzee, lazima tupasue injini." Injini ikapasuliwa. Gia mpya, gasketi na ufundi vikala mshahara wa karibu mwezi mzima. Siku ya tatu ugonjwa ukarudi vile vile. Jumapili tulikaa naye nyuma ya nyumba tukaitazama. Tukakuta tundu la bolti inayoshika mkono wa klachi limelika mpaka likawa kama yai, na waya wa klachi umebakiwa na nyuzi chache tu. Vitu hivyo viwili vilinunuliwa kwa fedha kidogo, na pikipiki inatembea hadi leo.

Kwa sababu hiyo tumeona yafaa tueleze jambo hili katika ukurasa wetu. Neno letu ni moja: mara nyingi gia ngumu si ugonjwa wa gia. Ni ugonjwa wa klachi isiyoachia. Na klachi isiyoachia hutafutwa kuanzia mahali pa bei ndogo kwenda mahali pa bei kubwa, siyo kinyume chake.

KLACHI HUFANYA KAZI GANI?

Injini huzunguka wakati wote. Gurudumu la nyuma mara huzunguka, mara husimama. Kati yao lazima kiwepo kitu cha kuunganisha na kutenganisha. Kitu hicho ndicho klachi.

Ndani ya klachi mna pleti za aina mbili zilizopangwa kwa zamu kama sahani kabatini. Aina ya kwanza ni pleti za msuguano, zenye vipande vigumu vilivyogandishwa juu yake. Hizi zina masikio yanayoingia katika nafasi za nyumba ya klachi, nayo nyumba huzungushwa na injini. Aina ya pili ni pleti za chuma tupu. Hizi zina meno ndani yanayoshika kitovu cha klachi, na kitovu hicho huzungusha shafti ya gia. Springi huzibana zote pamoja. Zikibanwa, nguvu ya injini hupita mpaka kwenye gia, kisha kwenye mnyororo na gurudumu. Tukivuta mkono wa klachi, waya huvuta kijiti kilicho kwenye injini, nacho hushinda nguvu ya springi, na pleti huachana.

Sasa tuangalie hesabu, kwa maana hapa ndipo siri ilipo. Tuseme klachi ina pleti 5 za msuguano. Kila moja ina nyuso mbili, kwa hiyo kuna nyuso 10 zinazotakiwa kuachana. Tukivuta mkono mpaka mwisho, pleti zote kwa jumla hupata nafasi ya milimeta 2 hivi. Gawanya kwa 10: kila uso unapata sehemu mbili za kumi ya milimeta. Karatasi ya daftari iliyokunjwa mara moja ina unene kama huo. Kwa hiyo bolti iliyolegea juu kwenye usukani, au waya uliorefuka kidogo, hula nafasi hiyo ndogo. Pleti zinaendelea kusuguana, injini inaendelea kusukuma shafti ya gia, na mguu wako unashindana na injini. Gia haiwezi kuwa laini namna hiyo.

MARADHI MATATU YASICHANGANYWE

La kwanza ni klachi isiyoachia. Dalili zake: gia ni ngumu injini ikiwaka lakini ni laini injini ikizimwa; pikipiki inataka kutambaa mbele hali umevuta mkono mpaka mwisho; nyutro haipatikani ukiwa umesimama.

La pili ni klachi inayoteleza. Hapa gia zinaingia vizuri, lakini ukipanda mlima na mzigo, injini inapiga kelele na mwendo hauongezeki. Pengine unasikia harufu ya kuungua.

La tatu ni ugonjwa wa kanyagio au wa gia zenyewe. Hapa gia ni ngumu hata injini ikiwa imezimwa, au gia huingia kisha ikaruka yenyewe.

Kuyajua haya kunahitaji dakika tano, na hakuna spana inayotakiwa. Zima injini. Simamisha pikipiki kwa stendi ya katikati, gurudumu la nyuma liwe juu. Zungusha gurudumu kwa mkono polepole huku ukikanyaga gia moja baada ya nyingine, kupanda na kushuka. Tukumbuke kuzungusha gurudumu, maana gia zikisimama kabisa meno yake huweza kugongana, na mtu akadhani zimeharibika kumbe ni nzima. Kama gia zote zinaingia kwa ulaini, basi gia ni nzima na ugonjwa uko kwenye klachi. Kama zinakataa, ugonjwa uko kwenye kanyagio au ndani zaidi.

Jaribio la pili: injini ikiwa imezimwa bado, tia gia ya pili, vuta mkono wa klachi mpaka mwisho, kisha sukuma pikipiki mbele na nyuma. Ikisukumika kwa wepesi, pleti zinaachana. Ikiwa nzito kana kwamba hukuvuta mkono, pleti zimegandana au hazipati nafasi. Asubuhi ya baridi pleti hugandana kidogo kwa mafuta mazito, na kusukuma hivi mara mbili tatu huziachanisha. Kishindo kidogo cha gia ya kwanza asubuhi si ugonjwa.

Ukimpelekea fundi pikipiki, mwambie kwa heshima, "Fundi, kabla hujafungua, tuzime kwanza tujaribu gia pamoja." Fundi wa kweli hatakasirika. Atafurahi kwamba mwenye chombo anakijua chombo chake.

TUANZE NA MKONO NA WAYA

Shika mkono wa klachi uutikise juu na chini. Ukicheza sana, toa bolti yake uitazame. Bolti iliyolika na tundu lililopanuka huiba sehemu ya mvuto kabla waya haujaanza kutembea. Badilisha bolti, na kama tundu limekwisha, badilisha mkono wote. Paka grisi kidogo.

Kisha fuata waya kutoka juu hadi chini. Tazama hasa mahali pawili: penye kichwa chake kinachoingia kwenye mkono, na penye kona karibu na shingo ya usukani. Ukiona nyuzi zimekatika hata mbili, usingoje. Waya huo utakatika siku uko katikati ya lori la miwa na mtaro. Kama waya ni mzima lakini ni mzito, utoe upande wa juu, funga kipande cha mfuko wa nailoni kwenye ncha ya ganda lake kiwe kama faneli, mimina mafuta mepesi ya mashine, na uuache umening'inia usiku kucha mpaka mafuta yatokee chini. Waya usipite karibu na ekzosi, na usikunjwe kwa kona kali.

Baada ya hapo rekebisha. Pikipiki nyingi zina mahali pawili pa kurekebishia: juu penye mkono, na chini penye injini. Fanya hivi:

1. Legeza nati ya kubania ya juu, na uizungushe skrubu ya juu ndani karibu mpaka mwisho, ili ibakiwe na nafasi ya kutumika baadaye.

2. Nenda chini. Legeza nati ya kubania, kaza au legeza nati ya kurekebishia mpaka mkono wa klachi uwe na uchezaji wa milimeta 10 hadi 20. Uchezaji huu hupimwa penye ncha ya mkono: ni mwendo wa bure kabla hujaanza kuhisi uzito wa springi.

3. Funga nati ya kubania ya chini, kisha malizia marekebisho madogo kwa skrubu ya juu, nayo uifunge.

4. Washa injini na uzungushe usukani kushoto mpaka mwisho, kisha kulia mpaka mwisho. Uchezaji ukipotea upande mmoja, waya ni mfupi au umepitishwa vibaya.

Uchezaji ukizidi, klachi haiachii na gia ni ngumu. Uchezaji ukikosekana kabisa, klachi haibani sawasawa, itateleza, na pleti zitaungua. Tumeona wenzetu wengi wakikaza waya kila wiki ili gia ziwe laini, na baada ya miezi michache wakanunua pleti mpya. Waliponya ugonjwa mmoja wakazaa mwingine.

Kama umefika mwisho wa marekebisho ya juu na ya chini na uchezaji bado ni mwingi, waya umerefuka. Ubadilishe. Ni kitu cha bei nafuu kuliko vyote tutakavyovitaja.

Jambo jingine dogo ni mwendo wa injini ikiwa imesimama. Kama injini inanguruma kwa kasi hata umeachia mafuta, gia ya kwanza itaingia kwa kishindo hata klachi iwe mpya. Punguza skrubu ya kabureta mpaka inguruma polepole bila kuzimika.

MAFUTA YA INJINI NI MAFUTA YA KLACHI

Katika pikipiki nyingi za namna hii, mafuta yanayolainisha pistoni ndiyo hayo hayo yanayoogesha klachi na gia. Yakiharibika, vyote vitatu huumia. Injini ya Honda CG125 hubeba mafuta kidogo sana, chini ya lita 1 wakati wa kubadilisha. Kiasi kidogo kama hicho huchakaa upesi, hasa kwa pikipiki inayobeba watu watatu kupanda mlima. Katika pikipiki za zamani za mipigo miwili, mathalani Yamaha AG100, mafuta ya gia yako mbali na yale yanayoungua pamoja na petroli. Wengi huyasahau kwa sababu hiyo.

Pima mafuta pikipiki ikiwa imesimama wima mahali sawa, baada ya injini kuwashwa dakika chache na kuzimwa kidogo. Katika Honda, kijiti cha kupimia huwekwa tu kwenye tundu bila kukazwa. Mafuta yakiwa meusi na mazito, yabadilishe. Yakiwa meupe kama chai ya maziwa, yameingiwa na maji, pengine mtoni au wakati wa kuosha. Yamwage upesi.

Hapa tunataka kusema wazi jambo linalofanyika sana mashambani. Wapo wanaochota mafuta kwenye pipa la trekta na kuyatia kwenye pikipiki kwa sababu hayauzwi. Mafuta hayo yalitengenezwa kwa injini kubwa ya dizeli, siyo kwa klachi inayooga ndani yake. Yakiwa mazito, pleti hugandana asubuhi. Hali kadhalika, mafuta ya magari madogo ya kisasa mara nyingi huwa na dawa za kupunguza msuguano ili gari litumie petroli kidogo. Dawa hizo huweza kuifanya klachi iteleze. Tunaponunua, tutafute chupa iliyoandikwa kwamba ni ya pikipiki ya mipigo minne, na yenye herufi JASO MA. Herufi hizo maana yake ni kwamba mafuta hayo yamepimwa kwa klachi ya namna yetu. Na tukumbuke kwamba kuchota kwenye pipa la kampuni kumeshawafukuzisha kazi watu. Nusu chupa ya mafuta haina thamani ya kazi.

KANYAGIO LA GIA

Kama jaribio la kwanza lilionyesha kwamba gia ni ngumu hata injini ikiwa imezimwa, usikimbilie kupasua. Tazama kanyagio. Pikipiki ikianguka upande wa kushoto, kanyagio hupinda likagusa kifuniko, au shafti yake ikapinda kidogo na kukwama penye tundu lake. Tazama pia bolti inayolishika kanyagio kwenye shafti. Ikilegea, meno madogo ya ndani husagika, na kanyagio huzunguka nusu kabla ya kuvuta kitu. Safisha tope lililokauka nyuma yake. Viatu vizito vya kazi vinahitaji nafasi: weka kanyagio mahali ambapo ncha ya kiatu inapita chini yake bila kulazimisha.

Tazama mnyororo pia. Ukilegea mno, gia huingia kwa kurukaruka, na mtu hudhani ni klachi. Mnyororo uliokauka na meno yaliyochongoka kama ya papa hayawezi kutoa gia laini.

IKIBIDI KUFUNGUA

Umerekebisha waya, umebadilisha mafuta, injini inanguruma polepole, na bado klachi haiachii. Sasa ndiyo zamu ya kufungua. Lakini hata hapo hatupasui injini. Klachi ya CG125 iko nyuma ya kifuniko cha upande wa kulia. Mwaga mafuta kwanza, toa kiki, na ondoa kila kinachozuia kifuniko. Skrubu za kifuniko zina urefu mbalimbali. Toboa matundu kwenye kipande cha boksi kwa umbo la kifuniko, na kila skrubu uichomeke mahali pake. Ukiitia skrubu ndefu penye tundu fupi utapasua kifuniko.

Utaona bolti 4 zenye springi. Zilegeze kwa zamu, kidogo kidogo, kwa mshazari. Nyuma yake kuna nati ya mviringo yenye mapengo manne. Nati hii ina spana yake maalumu. Usiipige kwa tindo na nyundo, maana vipande vya chuma huruka machoni, na nati ikiharibika gharama huongezeka. Azima spana kwa fundi, au mpelekee afanye hatua hiyo peke yake.

Pleti zikitoka, zipange juu ya ubao kwa utaratibu ule ule zilivyokuwa. Kisha kagua hivi:

Pleti za chuma: zilaze moja moja juu ya kioo cha dirisha. Kunja karatasi ya daftari mara moja. Ikipita chini ya ukingo wa pleti, pleti imepinda kwa joto na haifai. Ikiwa na rangi ya bluu, imeungua.

Pleti za msuguano: pleti mpya za namna hii huwa na unene wa karibu milimeta 3. Zikipungua kwa sehemu tatu au nne za kumi ya milimeta, zimekwisha. Kwa macho huwezi kuona. Tumia kalipa.

Nyumba ya klachi: tazama nafasi ambamo masikio ya pleti huingia. Baada ya miaka mingi masikio huchimba vidonda kama ngazi. Pleti hukwama katika vidonda hivyo na kukataa kuachana, hata kama ni mpya. Hii ndiyo sababu wengine hubadilisha pleti zote na gia bado ni ngumu. Vidonda vikiwa vya juu juu, visawazishe kwa tupa laini. Vikiwa virefu, nyumba ibadilishwe.

Beringi ndogo ya katikati inayosukumwa na kijiti cha klachi: izungushe kwa kidole. Ikikwaruza, ibadilishe.

Springi: zisimamishe zote pamoja juu ya kioo. Iliyo fupi imechoka. Nunua zote nne, usichanganye mpya na kuukuu.

Maadamu umefungua, safisha pia chujio la mafuta linalozunguka kwenye ncha ya kranki, lililo jirani na klachi. Ndani yake utakuta tope jeusi la miaka.

Pleti mpya za msuguano zilowekwe katika mafuta safi ya injini kwa saa kadhaa kabla ya kufungwa. Pleti kavu huungua siku ya kwanza. Bolti za springi ni ndogo na huvunjika upesi. Zikaze kwa mshazari kwa spana fupi na nguvu za mkono, bila kuongezea bomba.

TUJILINDE TUNAPOFANYA KAZI HII

Pleti nyingi za msuguano zilizotengenezwa zamani zilikuwa na asbesto ndani yake, na akiba ya zamani bado huweza kukutwa madukani. Vumbi la asbesto likiingia mapafuni halitoki, na ugonjwa wake huweza kujitokeza baada ya miaka mingi. Kwa hiyo tusipige msasa pleti za msuguano, tusizipulize kwa mdomo wala kwa pampu, na tusizifute zikiwa kavu. Tuzifute kwa kitambaa kilicholowa mafuta, na kitambaa hicho kitupwe kikiwa kimefungwa. Kifaa kisichofaa kipigwe msasa ni pleti hiyo. Iliyokwisha imekwisha.

Vyuma visafishwe kwa mafuta ya taa, nje ya nyumba, mbali na jiko na sigara. Petroli isitumike. Mafuta machafu yasimwagwe mtaroni, kwa maana maji ya mtaro huo ndiyo wengine huchota chini ya mlima. Yawekwe kwenye dumu lenye kifuniko.

KLACHI INAYOTELEZA HUTOKANA NA MWENDO WETU PIA

Pleti haziishi kwa uzee tu. Wapo wanaoendesha vidole vikiwa vimelala juu ya mkono wa klachi safari nzima. Kila kidole kinapunguza mbano. Wapo wanaosimama katikati ya mlima wakaishikilia pikipiki kwa nusu klachi badala ya breki. Wapo wanaoanza safari kwa gia ya pili wakiwa na madumu manne ya maji nyuma. Tukiacha tabia hizi tatu, pleti zitadumu muda mrefu zaidi bila gharama yoyote.

Na lini tukubali kwamba gia zenyewe zimekwisha? Ni pale gia inaporuka yenyewe ukiwa mwendoni, au ukikuta vipande vya chuma kwenye mafuta, au gia moja inapokataa kabisa hali klachi imeshathibitishwa ni nzima. Hapo injini itapasuliwa, na fedha hiyo itakuwa imetumika kwa haki. Tupatane bei kabla ya kazi, na tudai kurudishiwa vyuma vya zamani. Gia iliyokwisha inajionyesha: kona za meno yake zimeviringika. Fundi akikosa kukuonyesha chuma kibovu, muulize amebadilisha nini.

PIKIPIKI YA MWAJIRI

Wapo wenzetu, hasa wasimamizi wa mashamba na matarishi, wanaopewa pikipiki za kampuni. Pikipiki isiyoachia klachi ni hatari. Inaweza kumsukuma mtu mbele mbele ya trekta penye lango la kiwanda hali ameshika mkono mpaka mwisho. Hapa Uganda, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtwika mwajiri wajibu wa kuweka vyombo vya kazi katika hali ya usalama. Kwa hiyo ubovu ukionekana, usinyamaze, na usitengeneze kwa fedha yako ukitumaini kurudishiwa. Andika tarehe na dalili katika daftari, mpe msimamizi nakala, na nyingine uiweke. Ajali ikitokea kesho, au ukiambiwa wewe ndiye uliyeunguza klachi, karatasi hiyo ndiyo shahidi wako. Mwakilishi wa chama akiletewa karatasi anaweza kusema. Akiletewa maneno matupu, atasumbuka.

MWISHO

Tunapendekeza jambo moja kwa matawi yetu. Kalipa, spana ya nati ya klachi, tupa laini na faneli ni vitu ambavyo mtu mmoja huviona ghali, lakini wenye pikipiki kumi wakichanga hawatasikia uzito. Sanduku moja la vyombo likae kwa katibu wa tawi, na kila anayechukua aandike jina.

Na utaratibu tuushike kichwani: zima injini ujaribu gia, tazama mkono, tazama waya, rekebisha uchezaji, tazama mafuta, tazama kanyagio na mnyororo, kisha ndipo ufungue kifuniko cha klachi. Injini ipasuliwe mwisho wa yote. Mwenzetu wa zamu ya usiku alianza mwisho, akalipa mshahara wa mwezi. Tuanze mwanzo.